Mtu Aliyeshika Mahali pa Fyuzi

Ukitaka kusema ninadanganya, njoo kwanza Katuba, hapa Lubumbashi, uone gari lenyewe. Liko uani kwangu, chini ya bati, pua yake imetazama ukuta. Fungua kisanduku cha fyuzi, angalia mahali pa fyuzi ya taa za mbele. Patupu. Hamna fyuzi, hamna waya, hamna hata karatasi ya sigara. Na taa za gari hilo zinawaka. Kuziwasha sitakuruhusu, sababu utaisikia, lakini walioziona zikiwaka langoni mwa hospitali wapo, waulize. Ukishawauliza ndipo uje uniite mwongo.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Si mhubiri, si mganga, na hadithi za watu wanaogeuka paka huwa zinanichosha. Kazi yangu ni kutafuta moto, yaani umeme, umepotelea wapi. Katika gari moto unatoka kwenye betri kwa waya mmoja mnene, unapita kwenye fyuzi kubwa, unaingia kisandukuni, na hapo unagawanywa: huku taa, huku honi, huku redio, huku feni. Kila njia ina fyuzi yake, kile kidude cha plastiki chenye miguu miwili ambacho sisi huku tunakiita fusible na wateja wanakidharau. Ndani yake kuna uzi wa chuma, mwembamba makusudi. Waya ukichubuka huko mbele ukagusa bodi, moto wote unakimbilia hapo kwa pamoja, na uzi ule unakatika kabla waya haujaungua. Hiyo ndiyo kazi yake, kukatika ili vingine vipone. Sasa mtu anachoka kununua fyuzi, anatia kipande cha waya, anaendesha anafurahi! Mteja wa namna hiyo akija kwangu ninamtukana kwanza, halafu ndiyo ninamtengenezea. Niliwahi kuona gari likiteketea kwa ajili ya kipande kama hicho, na sijasahau harufu yake.

Haya, sikiliza.

Mke wangu Clarisse alikuwa na mimba kubwa. Tulikuwa tumepoteza nyingine kabla ya hiyo, na juu ya hizo sitasema mengi. Bibi yake akafariki Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, na Clarisse akasema lazima amzike. Nilikataa, nikashindwa, anayemjua Clarisse ataelewa. Siku moja baada ya mazishi, mchana, uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Mwuguzi wa kituo cha afya cha pale alimpima tension, presha ya damu, akabonyeza miguu yake iliyovimba, akanivuta pembeni.

"Papa, huyu mama afike Lubumbashi leo," aliniambia. "Hapana kesho. Leo."

Nilimlaza Clarisse kiti cha nyuma, tukaondoka. Gari langu lina usukani upande wa kulia, kama mengi yanayotuingilia kupitia Zambia. Kisanduku cha fyuzi kiko upande wa kushoto, chini ya dashibodi, juu ya magoti ya abiria wa mbele. Kumbuka hilo.

Jua lilipozama mvua ilianza, na taa za mbele zikazimika. Zote mbili kwa mara moja, maana katika gari lile zinapita kwenye fyuzi moja. Nikasimamisha pembeni, karibu na kichuguu. Fyuzi imeungua. Nilikuwa na ya akiba, nikaitia, ikaungua papo hapo. Nikatoa ya honi nikaitia, nayo ikafa. Basi nikajua ugonjwa haukuwa kwenye fyuzi. Waya mmoja huko mbele ulikuwa umechubuka na unagusa chuma. Kuutafuta kunataka mwanga, kunataka saa, na Clarisse nyuma alikuwa ameanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

Utaniuliza: wewe fundi mzima, kwa nini hukutoa waya mahali pengine ukapeleka moto taani moja kwa moja? Nilijaribu. Nilitoka nyumbani kwenda kilioni, si kazini, sikuwa na vyombo. Niling'oa waya wa redio, nikauchuna kwa meno, nikaupima. Ulikuwa mfupi, haukufika hata nusu. Kuendesha gizani? Barabara ile jioni imejaa baiskeli za makala, yaani mkaa, zisizo na taa na malori yasiyo na huruma. Gari moja lilipita, nikapunga mkono, likaongeza mwendo.

Nikabaki na kipande cha waya mkononi. Kilikuwa kinatosha kabisa kuziba mahali pa fyuzi. Unaelewa nilikuwa nafikiria nini? Mimi, niliyewatukana watu mtaa mzima! Nilifikiria kukitia, na nilifikiria lile gari lililoteketea, na nyuma Clarisse akaniita jina langu. Niliogopa kama mtoto.

"Jambo petit. Phare inakatala?"

Niliinua kichwa nimwone huyo anayeniita kijana na kuuliza kama taa zinakataa. Mwanaume alikuwa amesimama kwenye mlango wa kushoto, amevaa ovaroli ya bluu ya kizamani, ile ya wazee wetu wa migodini. Sikusikia hatua zake. Nilidhani ni kwa sababu ya mvua.

"Inakatala, papa," nilimjibu. "Natia fusible, inaungula. Natia ingine, inaungula."

"Na ile waya uko nayo mu mukono?"

Nilikificha kipande kile nyuma ya mgongo.

"Usiitie," alisema. "Waya haiungulake. Gari njo itaungula, na mama iko ndani. Ingia pa volant, uendeshe. Miye nitashika."

"Utashika nini, papa?"

"Pa nafasi ya fusible."

Nilicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Yeye hakucheka. Alifungua mlango, akaketi, akainama mbele mkono ukielekea kisandukuni.

"Lakini sikia muzuri. Tukifika, miye natoka. Mwenye kufika wa kwanza, eye njo atashika. Munaitika?"

Kabla sijafungua kinywa, Clarisse alipiga kelele nyuma: "Tunaitika! Ashike tu! Papa, twende, nakufwa!"

"Sawa," nikasema na mimi, nikaingia kwenye usukani. Nilidhani huyo wa kwanza kufika, ndiye atakayeshika baada yake, ni mlinzi wa hospitali, au mwuguzi atakayekimbia kutupokea. Nani angefikiria kitu kingine?

Basi, niamini au usiniamini, alitia kidole gumba na cha shahada mahali pale ambapo hata mguu wa fyuzi unaingia kwa kusukumwa. Viliingia. Taa zikawaka. Ziliwaka kuliko siku zote nilizokuwa na gari lile, nikaona mpaka majani ya mbali upande wa pili wa barabara. Nikatia gia. Ungefanya nini wewe? Ungemwuliza kitambulisho?

Tuliendesha. Mwanzoni nilitazama barabara tu. Halafu tukaingia kwenye shimo, gari likaruka, na yule mtu akatetemeka mwili mzima, akaguna. Taa hazikucheza hata kidogo. Shimo jingine, akatetemeka tena. Hapo nilielewa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: kila gari liliporuka waya uligusa chuma, na moto wote uliokuwa ukiua fyuzi zangu ulikuwa unapita ndani yake. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa garini. Nilitaka kumwambia basi, aache, tutalala hapo hapo. Lakini nilimwona Clarisse kwenye kioo, amefumba macho, anauma kitambaa, na nikakanyaga mafuta.

Ndipo nilipotazama ovaroli yake. Ametoka kwenye mvua kubwa, mimi nilikuwa nimelowa mpaka chupi, lakini nguo yake ilikuwa kavu, na vumbi jekundu la kiangazi kwenye mabega.

Nilitaka kusikia sauti yake tu, nijue ni mtu. Nikauliza: "Papa, hii kazi ulijifunzaka wapi?"

"Sikujifunza," alisema. "Miye nilikuwaka wa kwanza kufika."

"Kufika wapi, papa?"

Tukaingia shimo jingine, akaguna tu. Nikaongeza mwendo mpaka taa za Lubumbashi zikaonekana.

Langoni mwa hospitali nikabonyeza honi, ikanyamaza, maana fyuzi yake nilikuwa nimeiunguza mwenyewe. Nikatoka nusu dirishani nikipiga bodi kwa kiganja na kumwita mlinzi. Mlinzi alikuwa anakuja polepole na mwavuli wake. Gari halijaingia, hakuna aliyetufikia, na nyuma yangu mtoto akalia.

Alikuwa amezaliwa pale kitini. Clarisse alikuwa amemshika kifuani, anacheka na kulia pamoja, anasema: "Yuko mzima! Mtazame, yuko mzima!" Nilijifuta macho, nikageuka kushoto nimshukuru yule mtu. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukufunguliwa, ningeusikia, unalia kama mbuzi. Taa zilikuwa zinaangaza lango lote, na mahali pa fyuzi palikuwa patupu.

Wa kwanza kufika alikuwa binti yangu.

Tulimwita Ngoie, jina la bibi aliyezikwa. Ncha za vidole vyake viwili vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada, zilikuwa nyeusi na laini, hazina mistari. Daktari alisema ni alama ya kuzaliwa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Asubuhi nilishuka kwenye gari nikajaribu taa, zikawaka, nami nikazizima haraka kwa sababu zilinitia hofu. Nilipopanda kwenye wodi, Clarisse alikuwa amechanganyikiwa. Mtoto alikuwa amepiga ukelele usingizini, na vidole vyake vilikuwa vya moto.

Nilitafuta ule waya nikaupata, ulikuwa umesuguliwa na chuma karibu na rejeta. Niliufunga vizuri. Nikachukua fyuzi mpya nikaitia mahali pake. Haikuingia. Nilisukuma, na kitu kidogo, laini, kikanisukuma kutoka ndani. Nimefanya kazi hii miaka mingi, naijua plastiki na ninaijua kutu. Kile kilikuwa kidole.

Basi nikasema, nikate moto wote, yaishe. Nilifungua betri, nikatoa waya wake mmoja. Kabla sijauweka chini Clarisse alinipigia kelele kutoka chumbani. Nilimkuta Ngoie amelegea mikononi mwake, midomo ya bluu, hapumui. Sijui miguu gani ilinirudisha uani. Nilirudisha waya ule kwenye betri, na kilio chake kikasikika mpaka barabarani. Sikujaribu mara ya pili. Aliyewekwa kwenye njia ya moto, moto ukikatika naye anazimika.

Tangu hapo ndivyo ninavyoishi. Fyuzi kazi yake ni kulinda gari, na mimi kazi yangu ni kuilinda fyuzi. Kila asubuhi, kabla ya chai, ninapitia nyaya za gari lile kwa vidole, mmoja mmoja, nisiache hata mmoja uchubuke. Panya nimewawekea sumu. Betri ikizeeka ninaunganisha mpya pembeni kwanza, ndipo ninaiondoa ya zamani, moto usikatike hata kwa kufumba jicho. Watu wa mtaa wananicheka, wanasema fundi anapenda gari bovu kuliko mke wake. Wengine wanataka kulinunua wakate vyuma. Ninacheka nao, halafu ninafunga lango. Clarisse anajua yote. Neno lile "ashike tu" halijatoka tena kinywani mwake, hata akiniomba nimshikie sufuria anasema kwa njia nyingine.

Ningeishia hapo, na kwa kweli ningenyamaza kabisa. Nimeamua kusema kwa sababu ya jambo la juzi.

Ngoie sasa anakaribia kuanza shule. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha kwa nguvu, na jirani yetu Papa Kalenga, mwenye teksi, alikuwa amefungua boneti mbele ya lango letu, anagombana na taa zake. Nilikuwa barazani. Nilimwona binti yangu ametoka uani bila viatu, amekwenda mpaka kwenye mlango wa kushoto wa ile teksi, amesimama.

"Papa, phare inakatala?" alimwuliza. "Nishike?"

Papa Kalenga alimcheka kwa upendo. "Shika, mama, shika."

"Lakini mwenye kufika wa kwanza..."

Nilikimbia, nikamziba mdomo, nikambeba. Papa Kalenga akanishangaa, akadhani ninamwadhibu mtoto kwa utundu. Maneno yale hatujawahi kuyasema mbele ya Ngoie, hata siku moja. Nilipomfikisha ndani, Clarisse alileta kitambaa amkaushe. Alimgusa kichwa, akamgusa gauni, kisha akaketi chini sakafuni. Mimi nilikuwa ninachuruzika maji. Ngoie alikuwa mkavu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesafiri. Fyuzi yako ikiungua, usiulize utaziba na nini, tafuta kilichoiua. Na kama giza linakukuta kwenye barabara ya Kasenga, akatokea mtu kando ya mlango wako, mvua haimloweshi, anakwambia atashika, usimwitikie. Lala hapo hapo, hata kama una haraka gani, na jua maneno haya ninajiambia mimi mwenyewe kwanza.

Betri moja siku moja itanishinda, au mimi nitakufa kabla yake, na hapo Ngoie atatoka kutafuta wa kushika mahali pake. Kama atakayetokea mlangoni mwako ni msichana, vidole viwili vyeusi, usimfukuze kwa mawe. Mwambie baba yake yuko Katuba, hakukata moto kwa kupenda, arudi nyumbani.