Nilimwambia aliyenifundisha kazi kwamba kazi imemshinda

Admin, ficha jina langu, na hata karakana yenyewe usiseme iko upande gani, maana Moshi ni mji mdogo na watu tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nimeajiriwa mahali tunapotengeneza mageti, matenki na bodi za malori. Nimechoka, ndugu zangu. Si mwili tu, ingawa macho nayo yanawasha kila siku kama yana mchanga.

Siku hizi kila kona nasikia mafundi wa kuchomelea wameadimika. Bosi wangu ndiye analisema hilo kuliko wote, kwenye vikao vya wafanyabiashara na hata kanisani akipewa nafasi ya kusalimia. Nikimsikia naangalia chini. Mimi mafundi wa mji huu nawajua. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine analima mpunga Mabogini, na mikono yao haijasahau kitu. Walikuja, wakatajiwa mshahara, wakaondoka. Mkono mtupu haulambwi. Na mshahara wenyewe ndio huo ninaopokea mimi tangu binti yangu yuko chekechea, na sasa yuko kidato cha pili.

Anayekuja kuomba kazi nampima mimi. Anaunganisha vipande viwili vya chuma, tunaacha vipoe, nabana kwenye jiliwa na kupiga nyundo mpaka chuma kikunjike. Pakipasuka pale alipochomelea, kafeli. Pasipopasuka, huyo ni fundi. Kisha najaza fomu na kusaini. Mwanzoni aliyekataa mshahara nilimwandikia hivyo hivyo, kwamba amekataa mshahara. Bosi akanirudishia fomu. "Andika hana ujuzi," akasema. "Hayo ya mshahara hayatuhusu." Kumbe fomu zile anazikusanya awaonyeshe wakubwa kwamba amezunguka Moshi nzima akakosa mafundi, ili apewe wanafunzi wa chuo wamfanyie kazi kwa nauli tu. Nilijua, na niliandika. Nina watoto.

Mwezi uliopita akaja Mzee Eliasi. Jina nimelibadilisha. Huyu mzee wa Rombo ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, sijui hata kushika mashine. Nilikaa kwake miaka minne, nikala kwake, mkewe akinipikia mtori nilipoumwa. Sasa ana miaka sitini kasoro, kahawa haimlipi, akasikia huku chini mafundi hawapatikani. Akapanda gari kutoka Mkuu, huko kwao Rombo, na begi lake la vifaa.

Alipoingia, bosi alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikaogopa akijua tunafahamiana atasema nampendelea. Nikameza shikamoo. Mzee wa watu akanitazama, akaelewa, akanisalimia yeye kwanza: "Habari za kazi, fundi." Nikajibu nzuri. Mimi, kwa mtu ambaye nikimkuta njiani natakiwa nimpokee mzigo.

Akachomelea. Mstari ulinyooka, wala hakurudia mahali. Bosi akamtajia mshahara. Mzee akavua miwani akasema, "Bosi, hiyo si itaishia kwenye nauli ya kupanda na kushuka Mkuu? Niongeze kidogo." Bosi akamwambia asubiri nje. Nikabana kile chuma, nikapiga, kikakunjika chote bila ufa. Bosi akakiona kwa macho yake. "Andika kashindwa," akasema, "halafu kamwambie mwenyewe."

Nikaandika, nikasaini, nikaenda. Nikamwambia, "Mzee, pale ulipochomelea pameachia." Akauliza, "Pameachia?" Nikasema ndiyo. Akabeba begi lake akasema, "Aika, fundi," akaondoka. Ndiyo, alinishukuru.

Nilidhani ameelewa kuwa ni mambo ya bosi, kama alivyoelewa ile salamu. Kumbe hakuelewa. Juzi akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwanangu, nimewaza sana. Kama kazi yangu imeachia, basi ni macho. Geti la mtu likimwangukia mtoto nitamjibu nini Mungu? Nimeamua kuacha. Ile mashine yangu ya kuchomelea nataka uichukue wewe, kabla sijampa mgeni. Njoo Jumamosi." Akaendelea, "Angeniambia mwingine nisingeamini. Lakini wewe nilikufundisha mwenyewe, huwezi kunidanganya."

Nikamwambia Jumamosi nitakuja.

Mke wangu nimemweleza. Anasema, "Baba watoto, ukienda kusema, habari itashuka mpaka kwa bosi kabla wewe hujafika nyumbani. Ada ya mtoto utalipa na ukweli?" Simlaumu. Mzee akijua alifaulu atashuka kumuuliza bosi, namfahamu, hanyamazi kwenye haki yake. Na fomu ina saini yangu, si ya bosi. Lakini nikinyamaza, fundi bora kuliko wote niliowahi kuwaona atakaa kwenye kihamba chake cha kahawa akiamini ni kipofu, na mashine yake itakuwa kwangu. Nitaiwasha vipi?

Kile chuma sikukitupa. Kiko kwenye koti langu la kazi, kimekunjika, hakina hata ufa wa unywele.

Naombeni ushauri, hasa nyie mlioajiriwa mnaojua kufukuzwa kazi kukoje. Msiniambie nisali, nimeshasali. Matusi nayo nitayapokea. Niambieni tu, Jumamosi nikifika mlangoni kwake nianze na nini: ile shikamoo niliyomnyima, au hiki chuma?