Haragwe Lililooteshwa Kama Kimea

Sisi tuliosoma Kalenga, kule Iringa, tukienda shule na ufagio mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili, miguu peku kwenye baridi ya Julai, sayansi tuliisoma kwa makopo. Maabara lilikuwa neno la kitabuni tu. Mwalimu wetu wa darasa la tano aliagiza kila mtu apande haragwe kwenye kopo, alitunze nyumbani, kisha alilete shuleni. Kulikuwa na lori la kwenda Ruaha kuona tembo, nafasi hazikututosha wote, naye akatangaza kuwa watakaopanda ni wenye miche mirefu.

Mimi nilikuwa sijafika hata Idodi, ambako lori lingepita tu. Nilianza kumwota tembo kabla haragwe halijalowa.

Nilikuwa naishi na bibi mzaa mama, mwanakwaya hodari na fundi wa kimea. Ulezi aliuloweka, akaufunika gunia kwenye kona yenye giza jikoni mpaka ukachipua. Ukishakaushwa na kusagwa, ulitengeneza togwa ya kanisani, na ile iliyokaa zaidi ilikuwa ya watu ambao mchungaji hakuwauliza wamekunywa nini. Kwa hiyo habari za kuotesha mbegu hakutaka kuzisikia kutoka shuleni. Alipokuta kopo langu dirishani alisikitika kabisa. Alisema baridi italiua, na kwamba mbegu inayochipua ni kama mama aliyetoka kujifungua, haiwekwi nje itazamwe na wapita njia. Akalihamishia kwenye kona ya kimea, akalifunika gunia, na kila asubuhi akalinywesha maji ya uvuguvugu.

Siku ya kulifunua, lilikuwa refu la kutisha. Jembamba, jeupe kama tambi, shingo imeinama, na vijani viwili vya manjano. Nililibeba hadi shule kwa madaha, nimeliegemeza kwenye njiti ya ufagio.

Darasa zima liliangua kicheko. Miche ya wenzangu ilikuwa mifupi, minene, ya kijani. Mwalimu alipoondoa njiti, haragwe langu likalala chali mezani. Akatueleza kuwa mche umejengwa kwa seli, vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kikinywa maji huvimba na kujinyoosha. Mwanga huvituliza, shina likajenga unene. Gizani hakuna wa kuvituliza, basi vinajivuta tu kulitafuta jua huku vikila akiba ya mbegu. Urefu wa haragwe langu, alisema, haukuwa afya bali mahangaiko. Aliposoma majina ya watakaopanda lori, langu akaliruka.

Nililia njia nzima. Kesho yake bibi alijifunga kitenge cha kwaya, akaja shuleni. Alianza na kamwene, salamu ya kwetu, akamuulizia mwalimu habari za mkewe, za watoto, za mahindi, mpaka mwalimu mwenyewe akavuta kiti. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwalimu, ulisema mrefu. Hukusema mnene."

Mwalimu alicheka hadi akafuta macho, na jina langu likaongezwa. Kisha akanigeukia. "Ila hilo haragwe litoe juani. Halijafa. Litapata rangi tu."

Nikalitoa, na kweli likapata rangi. Na tembo nilimwona. Alitugeuzia mgongo, akaendelea kula. Sijawahi kudharauliwa nikafurahi kiasi kile.

Leo naishi Ilomba, hapa Mbeya, na mwanangu amemaliza kidato cha nne. Anangoja matokeo chumbani, pazia limefungwa ili simu ionekane vizuri. Amenipita urefu kwa kichwa kizima, lakini ndoo ya maji anaiburuza. Juzi nilimwambia tupande basi hadi Iringa, twende Ruaha tukaone tembo. Hakuinua hata macho.

"Mama, tembo nimeshawaona kwenye simu."

Bibi yangu ameshatangulia, na kwa jibu lile nilimkumbuka, nikamlilia huku nacheka. Enzi zetu tembo tulimgombea kwa maharage na machozi. Siku hizi anakaa mfukoni, na hana wa kumtaka.

Nilimtazama mwanangu pale kitandani, mrefu, mwembamba, shingo imeinama. Sikumgombeza. Nilivuta pazia, jua likamwangukia usoni, nikamwambia avae viatu. Atapata rangi tu.