Mwiba wa Mwaka Mzima

Juzi nilikuwa benchini katika kliniki moja ya Mji Mkongwe, nnasubiri kupimwa presha. Kwa kujitia mjuzi, nikamsomea mama wa pembeni yangu, mkulima wa mwani kutoka Uroa, habari ya kwenye simu: wataalamu wametengeneza chembe ndogo mno zinazoiga seli za kinga, ili kuufundisha mwili kuipiga saratani ya ngozi.

"Hiyo si maradhi ya Wazungu, mwanangu?"

"Hasa, bi mkubwa," nikajibu, mimi niliyezunguka dunia. "Wale wanaojianika ufukweni kwenu."

Daktari, binti mdogo tu, akafika, akamwomba anyanyue mguu. Mama alikuwa na doa jeusi unyayoni. Alisema ni mwiba wa baharini, mwaka mzima anaupaka utomvu wa papai, kama tufanyavyo sote, na hautoki.

Binti akalitazama, akavua miwani.

"Bi mkubwa, huu si mwiba. Naogopa ni saratani ya ngozi. Sisi weusi hutuotea hapa hapa, pasipofika jua. Lazima tukate kipande tupime."

Mama akanigeukia.

"Hizo chembe zako zimefika wapi?"

"Bado… zinajaribiwa kwa panya, mama."

"Panya!" Akaushusha mguu taratibu. "Haya, panya atangulie, mie namfuata nyuma."

Kesho anakatwa hicho kipande, na nimeahidi kumpeleka mwenyewe. Nyumbani nimewakagua wote nyayo, hata mama mkwe, aliyedhani nimepagawa. Mpapai wetu sasa ni wa matunda tu.