Kisanduku cha Jokofu la Chanjo

Elipidius wa Nyabiyonza hakai kitini. Huandika mistari mitatu, huinuka, huzunguka nyumba, hubandua jani kavu la mgomba ambalo halikumwomba lolote, kisha hurudi. Vero, mkewe, alishamzoea; wageni ndio hudhani ana mgonjwa hospitali. Kazi yake ni kurekebisha makosa ya kumbukumbu katika kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta, ambayo programu zote huiomba nafasi ya kufanyia kazi. Anayeomba nafasi sharti airudishe akimaliza. Asiporudisha, kumbukumbu huvuja kidogokidogo mpaka mashine inaganda, na hapo ndipo watu wa aina ya Elipidius hutafutwa.

Majirani wanavyoelewa wao, anatengeneza kompyuta za Wazungu bila kuzigusa. Miaka mitatu iliyopita, kazi yake ya kwanza ilipopokelewa na wahakiki wa kerneli, alipeleka mkungu wa ndizi kanisani kumshukuru Mungu. Mchungaji akatangaza, usharika ukapiga makofi kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelielewa, mchungaji akiwemo. Kazi yenyewe ilikuwa kuiwezesha kerneli kusoma kihisi joto kimoja cha bei rahisi. Baadaye kihisi hicho kikawekwa kwenye visanduku vya kulinda majokofu ya chanjo: joto likipanda, kisanduku kinapiga kelele. Kimoja alikifunga kwa mikono yake katika zahanati ndogo upande wa Kyerwa.

Jumatatu moja alipigiwa simu na Xaveria, muuguzi wa zahanati hiyo, mama wa miaka hamsini na kitu asiyepiga simu bila sababu.

"Elipidi, kisanduku chako kilinyamaza," alisema. "Jokofu likapata joto, chanjo zote zimeharibika. Wakubwa wanasema nilichomoa waya nichaji simu. Wanataka maelezo yangu kwa maandishi, mwisho Ijumaa, la sivyo kazi sina."

"Ulichomoa, mama?"

"Simu yangu naichaji nyumbani."

Utulivu kidogo aliokuwa nao ukamwishia hapo hapo. Alikuwa na kisanduku cha namna ile nyumbani. Akakiwasha, akakiacha kisome joto kutwa nzima. Kumbukumbu haikupungua hata chembe. Akasoma programu kutoka juu hadi chini, akairudia kutoka chini hadi juu. Kila palipoombwa nafasi, ilirudishwa. Jumanne ikapita hivyo. Chakula kilipoa mbele yake mpaka Vero akakila mwenyewe, kikiwa baridi.

Jumatano asubuhi aliingia mama yake, Benadeta, na hasira zake za mtumbwi. Ni ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za lubisi, pombe ya ndizi, ambao huazimwa nyumba kwa nyumba, na sasa ulikuwa haujulikani uliko. Elipidius, kwa kutaka tu aondoke, alimshauri awapitie wote waliokamua mwezi ule.

"Wote wa nini?" Benadeta alisema. "Aliyepata lubisi nzuri anaurudisha mwenyewe, na kibuyu cha kunionjesha juu yake. Natafuta ambaye pombe yake imeharibika. Huyo anaona aibu, kaufunika majani nyuma ya nyumba."

Akaenda zake. Elipidius alibaki amesimama katikati ya chumba. Siku mbili nzima alikuwa akiwafuata waliofanikiwa: kihisi kinaulizwa, kinajibu, nafasi inarudishwa. Hakuwa ametazama kinachotokea kihisi kisipojibu. Na umeme wa kule zahanati hucheza kila siku, na ukicheza kihisi hukosa kujibu. Akachomoa waya wa kihisi kwa makusudi, na kumbukumbu ikaanza kushuka pale pale. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa mia mbili na kumi: kihisi kikikaa kimya, programu inatoka mbio na nafasi iliyoiomba hairudishi. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu.

Alifurahi kama dakika mbili hivi. Kwa desturi ya watu wa kerneli, anayeleta marekebisho hutaja badiliko lililoleta kosa, na jina la aliyeliandika husomwa dunia nzima. Akafungua historia ya faili atazame ni nani. Lilikuwa badiliko lake mwenyewe, lile la mkungu wa ndizi.

Hakuna aliyemzuia kutuma marekebisho siku hiyo hiyo. Alijiambia anataka kuyapima zaidi. Alhamisi akajiambia vilevile, huku akizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Uongo mtupu, alikuwa anaona aibu, basi. Xaveria alimjia akilini mara nyingi, na kila mara alijijibu kwamba Ijumaa bado.

Ijumaa asubuhi akatuma, jina lake kwenye kosa na jina lake kwenye dawa. Akachapisha nakala kwenye duka la steshenari, akapanda pikipiki kwenda Kyerwa. Ilikuwa imefika saa nne alipomkuta Xaveria akipima watoto uzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akampa karatasi. "Hukuchomoa kitu. Umeme ukicheza, kisanduku kinapoteza kumbukumbu hadi kinaganda. Kosa niliandika mimi. Jina langu hili hapa."

Xaveria alisoma yote, taratibu, hata asiyoyaelewa.

"Umelijua lini?"

Angeweza kusema leo. "Jumatano."

Xaveria akamtoa mtoto kwenye mizani, akamrudisha kwa mama yake.

"Saa mbili asubuhi nimepeleka barua," alisema. "Nimeandika kwamba nilichomoa waya. Waliniambia nikikiri watanisamehe, nikaona miaka ishirini na saba nisiipoteze kwa ubishi. Na jana, Elipidi, nilishaanza kuamini kwamba kweli nilichomoa."

Elipidius alitaka kuomba msamaha, akaona hautoshi. Aliumia sana, na alijua anastahili.

"Twende," alisema. "Nitawaambia mwenyewe."

"Utawaambia." Xaveria alimwachia mhudumu mizani, akachukua mkoba wake, akatangulia kwenye pikipiki. "Na hiyo Jumatano pia utaitaja."