Kigoda cha Baba katika Nyumba ya Kushikashika

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mtu asinitegemee nimweleze vizuri makumbusho ni nini. Hata leo nikiulizwa nababaika. Miaka ile ya hamsini Mwanjelwa, hapa Mbeya, ilikuwa inaota nyumba kila mwezi. Ukisafiri wiki mbili, ukirudi unakuta njia uliyoizoea imezibwa na choo cha mtu. Mimi nilikuwa seremala, natengeneza milango. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mume wake bwana wa barabara, akasema anataka nyumba ya makumbusho ya watoto, na kila kitakachowekwa humo kishikwe.

Nikamuuliza, "Kishikwe na nani, memsabu?"

"Na watoto."

"Wakikivunja?"

"Utakitengeneza. Wewe si fundi?"

Nikaona ni kazi, nikaikubali. Lakini kichwani haikukaa. Kwetu kitu kikiwekwa ndiyo kimewekwa, mtoto akikigusa anachapwa. Na kile cha kugusa kila siku, kama jembe, nani atakiwekea nyumba?

Nyumba yenyewe tuliazimwa. Mzee mmoja wa Kiislamu, mwenye duka, ambaye wazazi wake walipanda huku kutoka pwani, alikuwa na ghala la mahindi nyuma ya duka lake, wakati huo tupu. Akanipa ufunguo, akaniambia, "Fundi, mavuno yakianza nitapita. Nikikuta watoto wamejaa, kaeni, magunia nitayatafutia pengine. Nikikuta wewe na Mzungu wako mnatazamana, natia mahindi yangu."

Tukaanza kukusanya. Mimi nilitoa karai nililochekechea dhahabu Makongolosi ujana wangu. Huko nilikaa miaka mitatu, nikarudi na karai na kikohozi, lakini hayo nisiyaingize hapa. Tukapata mivukuto ya mhunzi, saa ya ukutani iliyokufa, mizani, na baiskeli tuliyoipindua magurudumu juu ili watoto wazungushe pedali. Wiki ya kwanza walikuja watoto wanne. Mama wa mmoja wao akanifuata mpaka mlangoni.

"Fundi, mwanangu nyumbani nikimwambia ashike mchi anakimbia. Hapa anashika mchi?"

"Anashika."

"Anatwanga nini?"

"Hatwangi kitu. Anashika tu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akamchukua mtoto wake. Wakabaki watatu.

Aliyetuokoa ni mke wangu. Mimi ni Mhehe wa upande wa Igowole, yeye ni Mnyakyusa, na mama yake alitoka kwa wale wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, chini ya Tukuyu. Siku moja aliniletea chakula ghalani, akaona watoto wamekaa kama wako msibani. Kesho yake akaja na beseni la udongo kichwani, akakaa chini, akaanza kufinyanga. Wale watatu wakamsogelea. Akawamegea kila mmoja bonge lake. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na tano, halafu nikashindwa kuwahesabu. Wakishachoka udongo ndipo wanaiona baiskeli na saa. Memsabu akafurahi, akasema sasa nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Kosa langu likaja hapo. Nikajiona bwana mkubwa, nikapanda lori mpaka Igowole kumwomba baba vitu vya zamani. Mzee akasikiliza habari yote, akacheka, akanipa kigoda chake, kile cha miguu mitatu alichokalia tangu sijazaliwa. "Chukua. Magoti yangu hayashuki tena mpaka huko chini. Wakikalie watoto wa watu." Nikarudi nimekipakata njia nzima. Niliposhuka Mbeya nikapitia ghalani moja kwa moja, nikakiweka katikati, pale mke wangu alipozoea kukaa. Nilidhani nampa heshima.

Asubuhi akaja na udongo wake. Akasimama mlangoni.

"Kile cha nani?"

"Cha baba. Amekitoa mwenyewe."

Akatua beseni pale pale nje, akageuka, akaenda nyumbani.

Siku tatu hakuja. Nyumbani anapika, ananitengea maji ya kuoga, anacheka na majirani. Nikasema labda ni kwa sababu nilirudi mikono mitupu. Nikamletea kanga. Akashukuru, akaivaa. Nikasema labda amekasirishwa na memsabu. Nikamuuliza, "Una nini?"

"Sina kitu."

"Basi kesho uje. Watoto wanakuulizia."

"Nitakuja."

Akaja kweli. Akafika mlangoni, akarudi. Na watoto wakaanza kupungua. Kwenye mashamba mahindi yalikuwa yamekauka kabisa, watu wakinoa panga. Nilikuwa nasikia kelele za magunia dukani.

Mwisho nikamwendea jirani yetu, mama mmoja wa Kinyakyusa aliyeuza ndizi, nikamweleza yote. Akaacha ndizi zake akacheka mpaka akafuta machozi.

"Shemeji, ninyi Wahehe mmeoa wake zetu bila kuuliza. Mwanamke wa kwetu hamkaribii baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina. Wakikutana njiani, yeye anaingia majanini. Sasa wewe umemkalisha mkwewe katikati ya chumba, unamwambia mwenzio aingie akae karibu naye apake udongo."

"Baba yuko Igowole. Pale kuna kigoda."

"Kwako wewe."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje, na mtu mwenyewe ndiye asiyemtaja?"

Nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kukirudisha Igowole siwezi, mzee ataona nimemkataa. Kukipeleka nyumbani siwezi, huko ndiko mke wangu anakolala. Kukiacha, ghala linakwenda. Memsabu nilipomwambia akasema kigoda ndicho kitu kizuri kuliko vyote, tukifunike na kitambaa. Kitambaa. Nikaona huyu naye amepotea kama mimi.

Siku mwenye duka alipopita, hali ilikuwa hivi. Ndani hakuna mtoto hata mmoja. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mke wangu amekaa na beseni lake, maana aliona huruma akaja akakaa uani, na watoto wote wamemzunguka, matope mpaka kwenye nywele. Mzee akachungulia ndani. "Tupu," akasema.

"Wako nje, mzee."

"Nje si ghala langu, fundi. Mwambie mwalimu wenu aingie."

Niliingia, nikakibeba kigoda kifuani, nikatoka nacho, na njia ni ile moja tu, mbele ya mke wangu. Aliponiona alijifunika kanga usoni akageukia ukuta. Watoto wakatazamana. Halafu mmoja akageuka, na wa pili, na wote, kama ishirini, wakaweka nyuso ukutani na mikono ya matope juu ya macho. Walidhani ni somo.

Mwenye duka akasimama na bakora yake. "Hawa wafundishwa nini?"

"Mimi mwenyewe sijui, mzee."

"Na hicho wewe wakipeleka wapi?"

"Sina pa kukipeleka. Ni cha baba yangu. Nakuomba nikiweke kwako."

Akakipokea, akaenda nacho mbele ya duka lake, upande wa barabarani, nikamwona anashuka taratibu mpaka akakikalia. Nikangoja aniite aniambie nitoe vitu. Hakuniita. Mchana magunia ya mahindi yakaanza kufika, nikaona wapagazi wanayaingiza ndani ya nyumba anayolala yeye.

Sijui mpaka leo alielewa nini. Na baba nilimtumia salamu kwamba kigoda kinakaliwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila namna ya ukweli huo inanisumbua.

Niliporudi ghalani mke wangu alikuwa ameshaingia. Amekaa pale pale katikati, watoto wamembana kila upande, mmoja anazungusha pedali kwa fujo. Nikataka kumwambia kwamba nimejua, nikafungua mdomo. Hakuinua macho.

"Udongo umekauka," akasema. "Lete maji."

Nikachukua ndoo, nikaenda.