Jembe Kwanza, Dini Baadaye

Mtu akikwambia kikundi chetu cha kupeleka dini milimani kilikufa kwa uvivu, mwongo huyo. Kiliuawa, na aliyekiua ni mwalimu wetu wa dini, yeye yule aliyekianzisha. Jina silitaji kwa sababu wanawe wapo. Cheo chake kinatosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Mgeta, serikali ilipolazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wazee hawakuyataka. Walisema yanazika udongo mweusi na kupandisha mwekundu, maharage yanadumaa. Sisi wa kikundi tulikuwa na desturi yetu: hufungui mdomo kuhusu Mungu kabla hujalima na mwenyeji. Unamwamkia, unauliza leo analima wapi, unamfuata na jembe lako. Dini inakuja wakati wa kupumzika, mnakula mihogo. Na ulichokisikia kwa mtu unakiacha kwa mtu. Ndiyo maana walitupokea, hata wasiosali.

Nikawapeleka kwa mjomba wangu. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba langu la kesho lilikuwa mkononi mwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea wakulima au wahubiri?"

"Wote."

"Haya, wakulima wapite mbele. Wahubiri watasubiri chakula."

Kando ya njia mjomba alichimba matuta mazuri, Bwana Shamba akipita ayaone. Shamba lake hasa lilikuwa nyuma ya kilima, ng'ambo ya kijito, halina tuta hata moja, kama alivyoachiwa. Mgeni hapelekwi huko. Sisi tulipelekwa kwa sababu tulikuja na majembe. Mwalimu alilima ubavuni kwake, wakitaniana.

"Mwalimu, Pasaka nitakuja unimwagie maji," mjomba akasema. "Ila yasiwe ya baridi."

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea jembe.

Haukupita muda, askari wa jumbe, yule aliyetutawala kwa niaba ya serikali, wakaja, wakavuka kijito bila kuuliza njia. Mjomba akashushwa Morogoro mjini, akafungwa. Mimi nilimshuku jirani, nikaacha hata kumwamkia. Kumbe! Siku ya baraza jumbe akasimama mbele za watu, akasema, "Nyinyi mnanificha mashamba. Namshukuru mwalimu wa kanisa, yeye ananionyesha." Mwalimu alikuwa amekaa karibu naye, na kanzu yake nyeupe. Hakukana.

Nikamfuata nje. "Mwalimu, ni wewe?"

"Nimetii serikali, ndugu yangu. Dini inatufundisha kutii."

"Na mtu aliyetulisha mihogo?"

"Akitoka nitambatiza."

Hivyo hivyo alisema, macho makavu. Padri alipoambiwa akataka tusameheane, safari ziendelee. Tukajaribu kijiji cha pili. Mama mmoja alipotuona na majembe alipiga kelele bonde zima likasikia: "Wapelelezi wa jumbe hao! Leo mmekuja kulima au kuhesabu?" Watu wakacheka, milango ikafungwa. Tukarudi kila mtu na njia yake, na kikundi kikaishia pale.

Mjomba alipotoka kifungoni nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, ameketi kibarazani anapukuchua mahindi. Hakunikaribisha kiti.

"Wewe ndiye uliyewaleta."

"Sikujua, mjomba."

"Najua hukujua. Ndiyo maana shamba sikupi. Huyo mwalimu wako hukumjua, na mnasali pamoja. Kesho utanivushia nani kijito?"

Shamba akampa mtoto wa mama yangu mdogo, na mjomba mwenyewe akafa hajabatizwa. Mimi nalima pa kuazima. Mwalimu aliendelea kufundisha dini miaka mingi, na kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza anavyowasihi watu wapendane.