Mpishi wa Manundu aliyenyamaza wageni wakila

Saa nne asubuhi ya Jumapili, mgahawa wa Mama Hilaria uliopo Manundu, mjini Korogwe, umejaa. Waliotoka misa ya kwanza wamekaa upande wa dirishani. Karibu na mlango, familia mbili za Kiislamu zimeunganisha meza. Supu ya mbuzi inapita, na chapati zinatoka jikoni zikifuka moshi.

Laurenti Valerian, mwenye miaka arobaini na sita, anazunguka meza kwa meza na birika la maji ya uvuguvugu, beseni mkononi na taulo begani. Anainama, ananawisha, anahamia kwa mwingine. Mgeni akimuuliza leo kuna nini, anajibu, "Ngoja nimwite Lea," kisha anaondoka haraka.

Mzee mmoja mwenye baraghashia anamkazia macho birika likiwa hewani.

"Wewe ndiye yule?"

"Ndiye mimi, mzee."

Mzee anasita. Kisha ananyoosha mikono. Si wote wanaofanya hivyo. Wiki iliyopita mgeni mwingine aliirudisha mikono yake mapajani, akanyanyuka na kwenda kunawa bombani nje, watu wote wakitazama.

"Siku kama ile natamani ardhi ipasuke nizame," anasema Laurenti. "Lakini siwezi kumlaumu. Ana haki yake."

Kwa miaka kumi na tisa Laurenti alikuwa mpishi mkuu wa mgahawa huu. Kuku wake wa kukaanga alifuatwa na watu kutoka Mombo hadi Segera. Ukutani palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya kijani, "Chakula chetu ni halali", na kibao hicho alikipaka rangi mwenyewe.

Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge. Babu yake aliletwa kutoka kusini kuja kukata mkonge, akazeekea huku. Kambini, Wakristo na Waislamu waliishi ukuta kwa ukuta. Kila Krismasi baba yake Laurenti alimwita jirani Mwislamu aje achinje mbuzi, ili pasiwepo mtu wa kula kwa wasiwasi.

"Nimekulia humo," anasema. "Mtu mwingine angeweza kusema hakujua uzito wake. Mimi siwezi."

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi moja mwezi Mei mwaka jana. Mama Hilaria alikuwa amekwenda kuzika Lutindi, na mgahawa ulifungwa mchana. Jirani mmoja wa Laurenti alikuwa na ubatizo wa mtoto siku iliyofuata. Akamjia na kilo sita za nyama ya nguruwe, akamwomba amkaangie, kwa ahadi ya shilingi elfu ishirini.

Laurenti alikuwa na funguo. Akafungua jiko, akatumia karai kubwa la mgahawa. Alipomaliza aliliosha kwa sabuni. Mafuta yaliyobaki aliyamimina kwenye dumu la lita tano akaliweka chini ya meza, akipanga kulichukua kesho yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya mahafali ya kidato cha sita, na wazazi walimiminika mgahawani. Miongoni mwao alikuwa Mzee Sadala, mkulima wa mahindi na machungwa kutoka Kwamatuku, wilayani Handeni, pamoja na binti yake Hamisa na mjukuu wake Ikram, aliyekuwa anahitimu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee huyo kuiketisha familia yake mgahawani.

"Alisema kwa sauti, leo nyumbani kwangu hakuna anayeshika mwiko," anakumbuka Laurenti. "Watu wakacheka. Akaagiza kuku."

Katikati ya pilikapilika mafuta yakaisha. Laurenti alikuwa uani akipalia makaa sufuria ya wali. Lea, msaidizi wake, aliliona dumu chini ya meza, akamimina karaini, akakaanga kuku. Hakujua kitu. Laurenti aliporudi ndani, sahani zilikwisha kutoka, na dumu lilikuwa tupu.

Akasimama kwenye mlango wa jiko. Alimwona Hamisa akichagua kipande kikubwa kuliko vyote na kumwekea Ikram, ambaye bado alikuwa na sare ya shule. Alimsikia Mzee Sadala akisema Bismillahi.

"Kutoka pale mlangoni hadi meza yao ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu baadaye mara nyingi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mzee, subiri kidogo, usile. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria watu watakavyonitazama. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi."

Walikula wakamaliza. Kisha Mzee Sadala akaja mwenyewe hadi mlango wa jiko, akauliza nani kapika. Akamwekea Laurenti mkono begani.

"Mwanangu, umetuheshimisha. Mungu akubariki."

Anapofika hapo, Laurenti anashughulika na ncha ya taulo. "Nilijibu amina," anasema hatimaye. "Nilijibu amina!"

Wiki tatu alikaa nalo. Kila aliposikia adhana aliinamisha kichwa, hata akiwa peke yake njiani. Mwisho akaomba ruhusa ya siku moja, akapanda gari la asubuhi kwenda Kwamatuku, akauliza nyumba kwa nyumba hadi akampata mzee barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Hamisa, njoo umwone mpishi wetu. Mletee chai."

Laurenti anasema mapokezi hayo yalimwumiza kuliko matusi. Hakukubali kuketi. Akasema yote akiwa amesimama, tangu nguruwe wa jirani hadi kitambaa. Hamisa alikuwa amefika na kikombe cha chai. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageuka na kikombe chake akarudi ndani.

Mzee Sadala aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Sisi hatukujua," akasema, "na Mungu anajua kwamba hatukujua. Wewe ulijua chakula kikiwa bado mezani."

"Ndiyo, mzee."

"Na hilo karai liko wapi?"

"Lipo jikoni."

"Linapikiwa?"

"Linapikiwa, mzee. Lakini nililiosha kwa sabuni."

"Sikukuuliza sabuni. Kwa hiyo wiki tatu hizi watu wanakula."

Laurenti anasema hapo ndipo alipozinduka. Siku zote hizo alikuwa akiwaza aibu yake na meza ile moja tu. Waliokuja kula Jumatatu, Jumanne na siku zote zilizofuata hawakumpitia akilini hata mara moja.

"Rudi Korogwe," mzee akamwambia. "Mwambie mwenye mgahawa leo hii, usilale nalo. Ukishamaliza huko ndipo uje uniombe radhi mimi."

Mama Hilaria, mwenye miaka sitini na moja, anakumbuka alasiri ile. "Alipoanza kusema nilikuwa nimesimama. Alipomaliza nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda, wala sijui nilikaaje." Lea alilia hadi akashindwa kufunga kanga yake. "Kumbe mkono uliomimina ulikuwa wangu," alikuwa akisema.

Mgahawa ulifungwa siku tatu. Karai, visu na mbao za kukatia vilitupwa. Mwalimu mmoja wa madrasa aliombwa kuja kuwaelekeza namna ya kulitakasa jiko. Walipofungua, Mama Hilaria alibandika mlangoni karatasi aliyoiandika kwa mkono, inayoeleza kilichotokea, akasimama pembeni yake kumjibu kila aliyeuliza. Wapo waliomsikiliza. Yupo aliyetema mate kizingitini.

Wateja walipungua zaidi ya nusu, na baadhi hawajarudi hadi leo. Watu walitarajia Laurenti afukuzwe, naye alikwisha kufungasha nguo zake za kazi. Mama Hilaria alimzuia.

"Nilimwambia, nikikufukuza utakwenda mji mwingine ujifiche, upike tena. Kaa hapa. Watu wakuone, na ukiulizwa ujibu."

Haruhusiwi kugusa moto. Mshahara wake umeshuka kutoka shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi hadi laki moja na ishirini. Hata jina lake kutokea gazetini ni kwa hiari yake. Alipoulizwa kama angependa lifichwe, alitikisa kichwa.

Kwamatuku amerudi mara mbili. Mzee Sadala alimpokea na akasema amemsamehe. Hamisa humjibu salamu, basi. Ikram hakuambiwa hadi alipomaliza mtihani wake wa mwisho. Mama yake hakutaka aingie chumba cha mtihani na jambo hilo kichwani.

Kwa simu kutoka Tanga, anakosomea uuguzi, Ikram anachagua maneno taratibu. "Ile ilikuwa siku yangu. Kila nikitazama picha tulizopiga pale mezani, namwona babu anavyocheka. Babu kasamehe, mimi bado. Najaribu."

Laurenti hajawahi kuzungumza naye ana kwa ana. Lakini mwezi wa Ramadhani unakaribia, Ikram atakuwa likizo, na Mzee Sadala ametuma ujumbe kwamba anamwita Laurenti nyumbani kwake kufuturu, asibebe kitu chochote. Mjukuu ndiye atakayepika. Amekubali mwenyewe, mzee anasema, baada ya kukaa siku mbili bila kujibu.

Laurenti anakiri kwamba anaogopa. Tangu mwaka jana hajaketi kula kwenye nyumba ya mtu yeyote. Hata harusini huondoka kabla ya sahani kupita.

"Lakini hii nitakwenda," anasema. "Nitamwomba radhi mwenyewe, mbele ya mama yake. Halafu atakachoniwekea Ikram nitakula, wala sitauliza amepikaje."